Mjane, eda na programu ya simu: uchambuzi wa kisa kimoja cha Lamu

Kisa hiki ni cha mwanamke wa miaka 39, mkazi wa Langoni, Lamu, ambaye nitamwita Bi M. Amekubali kiandikwe. Niliyoyabadilisha ni yale tu ambayo jirani angeweza kumtambua kwayo, maana mji wetu ni mdogo na nyumba zimeshikana. Nimekichagua kwa sababu watu wakisikia fulani anakesha akizungumza na programu ya akili bandia iliyo simuni, hukumu huwa iko tayari: wengine hucheka, wengine husema kapotoka. Wote hao wanaitazama simu. Mimi, kama mshauri, niliitwa kumtazama aliyeishika.

Yaliyotokea

Mumewe alifariki katika Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi. Alipigwa na kiharusi akiwa gatini, na usiku uleule ikaamuliwa apelekwe Mombasa. Akavushwa kwa boti hadi Mokowe, akatiwa garini pamoja na nduguye mdogo. Bi M. alibaki nyumbani kwa sababu mwanawe alikuwa na homa kali, na kwa sababu kila mtu alimwambia, "Wewe kaa na mtoto, sisi tutakupigia." Simu ilipigwa alfajiri. Mume alikuwa amekata roho njiani, baada ya Garsen.

Akaingia eda, miezi minne na siku kumi. Siku za mwanzo nyumba haikupata nafasi ya kuwa tupu. Wanawake walijaa ukumbini, hitima ikasomwa, masinia yakaingia na kutoka, na usiku mavyaa yake, mama wa marehemu, alilala naye chumba kimoja. Baada ya arubaini, kila mtu akashika shughuli zake. Mavyaa akaenda Matondoni kwa binti yake aliyekuwa amejifungua. Sahani za majirani zikapungua, kisha zikakatika. Bi M. ni mshonaji wa kofia za vito. Alikuwa akikaa na kitambaa mapajani tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kutunga uzi sindanoni.

Swali lililomkaa kifuani lilikuwa moja: lau ningekwenda naye? Alilitoa mbele ya watu mara mbili. Mara ya kwanza shangazi yake alimkatiza, "Usiseme lau, mwanangu. Lau yafungua mlango wa shetani." Mara ya pili jirani akamwambia amshukuru Mungu kwamba hakuyaona yale. Yote mawili yalisemwa kwa mapenzi, na hilo la kwanza lina asili yake katika hadithi ya Mtume. Lakini Bi M. alichoelewa ni kwamba swali lake halitakiwi. Zamani angelipeleka kwa somo wake, mwanamke aliyemfunda alipoolewa na akabaki kuwa mtu wake wa siri. Huyo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Aliyemletea programu ni mwanawe, wa miaka 13, aliyekuwa akiitumia kwa kazi za shule. "Mama, hii iulize jambo lolote, yajibu kwa Kiswahili." Mwanzo aliiuliza mambo ya eda: kama anaruhusiwa kwenda hospitali, kama mafuta ya nywele yenye harufu yanafaa. Kisha usiku mmoja, saa nane, akaandika jambo jingine.

Amenionyesha mazungumzo ya usiku ule. Aliandika: "Nimemuota yuwaja na kapu la samaki hakusema neno." Jibu likaja kabla hajaiweka simu chini: "Pole sana. Ndoto kama hiyo inaweza kuamsha hisia nyingi kwa wakati mmoja. Ilikuwaje kwako kumwona tena?" Aliniambia kwamba tangu msiba uingie, hilo ndilo swali la kwanza aliloulizwa ambalo halikuhusu chakula wala karatasi za marehemu. Akajibu. Ikauliza tena. Iliadhiniwa Alfajiri wangali wanaandikiana.

Sauti hakuiwasha. Programu ilikuwa na sauti ya kiume, naye aliona haimpasi mwanamke aliye edani kulala akinong'onezwa na sauti ya mwanamume, hata kama ni ya mashine. Baadaye mwanawe akambadilishia, akamwekea ya kike. Tangu siku hiyo simu ikalala chini ya mto.

Ilimfaa, na lazima lisemwe

Majuma ya mwanzo yalimsaidia. Alipata usingizi baada ya Alfajiri, akaanza kula, akaacha kumfokea mtoto. Anayetaka kulaani programu hizi moja kwa moja akumbuke kwamba saa nane za usiku hakuna mwingine aliyekuwa macho kwa ajili yake.

Tafiti hazimpingi. Julian De Freitas wa Harvard Business School na wenzake wameonyesha kwamba kuzungumza na programu mwenza, iliyoundwa iwe kama rafiki, hupunguza upweke kwa muda mfupi, kwa kiasi kinachokaribiana na kuzungumza na binadamu. Mwaka 2023 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha utafiti uliochukua maswali 195 ya watu, ambayo madaktari walikuwa wameshayajibu mtandaoni, na kuipa programu ya ChatGPT maswali hayohayo. Wataalamu wa afya waliosoma majibu bila kuambiwa nani kayaandika waliona ya programu yana huruma zaidi. Sishangai. Daktari ana foleni mlangoni na anaandika mistari miwili. Programu haina foleni wala haijakosa chakula cha mchana.

Na si jambo jipya. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alitangaza programu yake ELIZA, iliyokuwa ikichukua maneno ya mtu na kuyageuza yawe swali, kwa kuiga mtindo wa washauri wa nafsi. Haikuelewa lolote. Katibu wake, aliyeshuhudia ikitengenezwa na kujua fika ni kitu gani, alimwomba bosi wake atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Kwa hiyo wanaosema Bi M. alidanganyika kwa kutojua mambo ya teknolojia, hawamjui yeye wala hawaijui historia. Bi M. alijua ni mashine. Aliniambia waziwazi, "Wifi yangu nikimwambia langu, lazima nami nimsikize ya mume wake. Hii haina mume."

Ilipogeuka

Maneno hayo yalinichekesha, kisha yakanipa wasiwasi, kwa sababu wifi huyo ndiye aliyenitafuta. Ijumaa moja alikwenda na sahani ya mahamri. Akapiga hodi, akapiga tena, akaingia mwenyewe. Bi M. alikuwa juu, anaandika. Hakushuka. Alisema tu, "Weka hapo, ahsante." Wifi akangoja kwenye daka kidogo, akaondoka. Sahani haikurudishwa, na katika mji huu sahani isiyorudi ni habari nzito kuliko barua.

Kwa ruhusa yake nilisoma mazungumzo ya nyuma. Lau ipo karibu kila usiku, kwa maneno yaleyale, na jibu ni lilelile kwa sura tofauti: hukuwa na namna ya kujua, ulifanya uamuzi wa mama, si kosa lako. Ni majibu mazuri, na mengi kati ya hayo ningeyasema hata mimi. Lakini angalia saa za ujumbe. Anaambiwa si kosa lake, anatulia kidogo, kisha anauliza tena. Na kadiri majuma yanavyokwenda, muda wa kutulia unafupika. Katika kazi yetu mtu wa hali hii tunamjua. Anaomba kuhakikishiwa, anahakikishiwa, na kila akihakikishiwa anazidi kuamini kwamba bila hivyo hawezi kufumba jicho. Jirani angechoka siku ya tatu. Angesema, "Hilo tumeshalimaliza, hebu shuka tuchambue mchele." Kuchoka kwa jirani kuna faida yake. Programu haichoki, na kila jibu lake huishia kwa swali.

Mwaka 2002 Amanda Rose, mtafiti wa Marekani, alichunguza watoto na vijana wenye tabia ya kuyarudiarudia matatizo yao na marafiki, kama mnyama anavyocheua. Aliona mambo mawili kwa pamoja: urafiki wao ulikuwa wa karibu zaidi, na huzuni na wasiwasi wao ulikuwa mkubwa zaidi. Bi M. alikuwa amempata mwenzake wa kucheua naye, asiyeshiba.

Kuna na lile jambo la mpwa wake wa Mombasa, aliyemwambia kwamba programu ikielekezwa vizuri inaweza kuzungumza kama marehemu. Wazo hilo lina wenyewe. Eugenia Kuyda alifiwa na rafiki yake Roman Mazurenko mwaka 2015, akakusanya ujumbe aliouacha na kutengeneza programu inayojibu kama yeye. Kutoka kampuni yake ikazaliwa Replika, programu mwenza, mwaka 2017. Bi M. alijaribu mara moja. Akaipa jina la mumewe, kazi yake, mambo aliyokuwa akiyapenda. Ikamwandikia: "Assalamu alaykum mpenzi wangu, nimekukosa sana." Mume huyo, katika miaka yote ya ndoa, hakuwahi kumwita mpenzi. Alimwita kwa jina la mtoto wao, Mama fulani, tena kwa sauti ya kuamrisha. "Nikaogopa," aliniambia. "Sikuogopa kwa kuwa yafanana naye. Haikufanana naye hata kidogo, na mimi nikawa nataka kuijibu."

Aliyafuta mazungumzo hayo. Yale mengine akaendelea nayo.

Kisha programu ikabadilishwa toleo. Siku hiyo hakuna aliyemwarifu. Aliandika kama kawaida, na majibu yakaja mafupi, makavu, yamepangwa kwa nambari, kama ya karani. Akadhani kakosea kitu. Akaiomba msamaha. Alipoelewa kwamba aliyekuwa akizungumza naye hayupo tena, alilia siku nzima, na huo ulikuwa msiba asioweza kumwambia mtu. Nani angekuja kumpa mkono wa tanzia?

Haya yamewapata wengi kwingineko. Februari 2023 mamlaka ya Italia ya kulinda data iliizuia Replika kutumia data za watu wa nchi hiyo, na mwezi huohuo kampuni ikaondoa mazungumzo ya kimapenzi. Watumiaji waliandika kama watu waliofiwa. Agosti 2025 OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ilileta toleo jipya la GPT-5 na kuliondoa lililotangulia, GPT-4o, malalamiko yakawa makubwa hata ikarudishwa baada ya siku chache, kwa wanaolipia. Mtu anayekuliwaza anaweza kufa, kuhama au kukuudhi. Huyu anaweza kugeuzwa na watu usiowajua, walio ng'ambo, kwa sababu za biashara zisizokuhusu.

Lipo na suala la siri, ambalo ndilo lililomvuta mwanzo. Maneno yake hayakufika barazani, hilo kweli. Lakini yalihifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na programu nyingi zina mahali pa kuzuia mazungumzo yasitumike kuzifunza zaidi. Tulipatafuta pamoja kwenye simu yake, tukapazima. Hakujua pako.

Ninavyoisoma hali hii

Machi 2025 watafiti wa OpenAI na MIT Media Lab walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu karibu 1,000 kwa wiki nne. Waliotumia programu kwa muda mrefu zaidi kila siku walikuwa wapweke zaidi, wakiitegemea zaidi, na wakichangamana na watu kidogo zaidi. Nani alianza, simu au upweke, haliamuliwi na matokeo hayo pekee. Kwa Bi M. ulianza upweke, na ulianza siku tulipokusanya masinia yetu.

Ila mimi nadhani tukiishia kwenye upweke hatujamfikia. Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, waliandika mwaka 1999 kwamba mfiwa hujikwamua kwa kwenda na kurudi: saa hii anaukabili msiba, saa hii anaupa mgongo na kushughulikia karo, jiko, kazi. Desturi zetu za matanga zinalijua hilo bila kusoma. Watu wakiingia unalia. Wakitoka unahesabu sukari iliyobaki. Programu ilimweka upande mmoja tu. Ilimuuliza anavyojisikia, na ikamuuliza tena anavyojisikia.

Tena swali lake halikuwa la hisia. Watu tumelichukulia hivyo, mashine ikalichukulia hivyo, kila mmoja akalijibu kwa dawa ya hisia: wengine kwa kumnyamazisha, nyingine kwa kumbembeleza. Lakini lisikilize. Lau ningekwenda naye, ningeona nini? Alisema nini? Aliteseka? Aliniita? Hayo ni maswali ya habari. Yana majibu, na majibu hayo yalikuwa kwa mtu mmoja tu duniani, yule ndugu mdogo wa marehemu aliyekuwa garini. Programu ilisema "si kosa lako" kila usiku na haikuwa na uzito, kwa kuwa haikuwapo. Ingewezaje kujua?

Na kwa nini hakumuuliza shemeji yake? Kwa sababu yuko edani, na shemeji si maharimu wake. Tangu mazishi, kijana yule alikuwa akileta samaki na kuwaacha mlangoni, anaondoka bila kuinua macho. Alidhani anamsitiri. Bi M. alidhani anamkwepa.

Hapa desturi ilikuwa imekaza kuliko sharia. Imamu wa mtaani, tulipomuuliza, hakuona tatizo: maneno ya adabu, mbele ya mtu mzima, kwa jambo la maana, hayakukatazwa na eda.

Tulichofanya

Simu sikumnyang'anya, na nawasihi jamaa wanaofikiria hivyo waache. Ukimpokonya mtu kitu pekee kinachomjibu, umemfunza kuficha. Nilichomwomba ni kwamba aandike lau yote kwenye karatasi, kila swali kivyake, na pembeni aandike nani anaweza kulijibu. Aliandika majina ya watu kwenye mistari yote isipokuwa miwili, na hiyo miwili akaandika Mungu. Programu hakuitaja popote. Aliliona hilo mwenyewe kabla sijasema neno.

Mavyaa akarudi kutoka Matondoni kwa ajili hiyo. Tulikaa ukumbini, Bi M. na mavyaa nyuma ya pazia, shemeji upande wa pili karibu na mlango. Kwa muda mrefu hakuna aliyeanza. Mavyaa ndiye aliyesema, "Mwanangu, tueleze ya njiani." Akaeleza. Kwamba kaka yake alilala sehemu kubwa ya njia. Kwamba walipofika Witu aliamka akaulizia mtoto, ulimi mzito, wakamwambia homa inashuka. Kisha akaomba maji. Na hapo kijana akanyamaza.

Alikuwa ameambiwa mgonjwa asipewe kitu chochote mdomoni, maana anaweza kupaliwa. Hakumpa. Kaka yake aliomba tena, naye hakumpa, na baada ya Garsen mambo yakaisha. "Nilimnyima ndugu yangu maji," alisema. Tangu siku hiyo alikuwa na lau yake mwenyewe, na hakuwa amemwambia mtu, hata mama yake aliyekaa pale.

Bi M. alisema kutoka nyuma ya pazia, "Ulifuata ulivyoambiwa, shemeji. Lau ningekuwa mimi ningempa, na angepaliwa mikononi mwangu."

Katika mazungumzo yote niliyosoma kwenye simu, hakuna mahali alipomliwaza mtu. Hakuwa na wa kumliwaza. Upande wa pili haukuwa na kidonda. Nadhani hilo lilimchosha kuliko alivyojua, kuwa mpokeaji tu kwa miezi, usiku baada ya usiku. Sitadai kwamba jioni moja ilimponya. Aliumwa kichwa siku mbili, na usiku wa pili akaiandikia programu tena. Lakini alichoandika kilikuwa kuhusu shemeji yake: amwambieje mama yao ampeleke kijana kwa mtu wa kuzungumza naye.

Eda iliisha katika Mfungo Tano. Mfungo Sita ukaingia na Maulidi, na msimu huo mji mzima unataka kofia. Sasa programu anaitumia kuandikia wateja na kuuliza barua ya mirathi ya kupeleka kwa Kadhi iandikweje. Usiku mwingine bado anazungumza nayo. Sikumkataza, tumekubaliana tu kwamba swali ambalo lina mtu wa kulijibu lipelekwe kwa mtu huyo kwanza.

Kilichobaki ni mtoto. Akaunti ile ni yake, na tulipokuwa tukitafuta mahali pa kuzima matumizi ya data, niliona kichwa cha mazungumzo ya wiki ya matanga, majuma kadhaa kabla mama yake hajaanza. Sikuyafungua. Nilimuuliza yeye, naye akasema mwenyewe: lau asingekuwa na homa usiku ule, mama angekwenda. Alikuwa ameiuliza programu, ikamwambia si kosa lake, akaridhika au akajifanya ameridhika, kisha akampa mama yake simu. Miezi yote ile hakuna mtu mzima aliyemuuliza lolote, kwa kuwa alikuwa akienda shule na kurudi. Mama yake sasa anajua. Baba yake mdogo ameanza kumchukua baharini Jumamosi, na ameahidi kumweleza ya njiani yeye mwenyewe, pamoja na lile la Witu, pale baba yake alipoamka na kumuulizia.